Kufikia kwa Mtu Usiyemjua: Mwongozo wa Kulala Bure Safarini

Kila nikirudi safari maswali ni yale yale. Hivi kweli hukulipa? Huyo mtu ulimjulia wapi? Na wewe mwanamke, hukuogopa? La kwanza jibu lake ni fupi: sikulipa. Hayo mengine nimeyajibu kwenye daladala, msibani na jikoni kwa wifi mpaka nimechoka. Leo nayaandika yote, anayeuliza nimpe asome.

Nakuandikia wewe unayeanza. Una likizo ya wiki mbili, nauli ya basi unayo, hoteli huiwezi, na kule uendako, iwe Nairobi, Kampala au Kigali, huna shangazi wala binamu wa kumfikia. Hata ukienda Ulaya kazi ni hii hii, ila kuna suala la viza ambalo nimelitenga kule chini.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza. Mwenyeji hakupokei kwa kuwa godoro limemzidi ndani. Anatamani mgeni, mtu wa kukaa naye barazani jioni, asikie ya Tanga bila kupanda basi. Anayekwenda kutafuta kitanda tu hukosa hata hicho kitanda.

Pa kujiandikisha

Wenyeji wanaopokea wageni bure hupatikana kwenye mitandao yao maalumu. Unaojulikana zaidi ni Couchsurfing, ulioanza 2004. Ulikuwa bure, mwaka 2020 ukaanza kutoza ada, na wengi wakahama. BeWelcome na Trustroots haitozi kitu, na Couchers, iliyoanza mwaka huo huo wa 2020, vilevile. Warmshowers ni ya waendesha baiskeli wa safari ndefu. Kama huna baiskeli, waachie wenyewe. Mkongwe wao wote ni Servas, iliyoanzishwa Denmark mwaka 1949, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na watu waliotaka mataifa yajuane kwa kulala nyumba moja. Huko hujiungi kwa kubonyeza: unahojiwa, unapewa barua ya utambulisho, na desturi yao ni siku mbili kwa kila nyumba.

Chagua miwili, inatosha. Ukijiandikisha kote utakuwa na wasifu sita, zote nusunusu.

Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti, au hati ya dharura ya safari. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa kati ya nchi zao tangu 2014. Sisi Watanzania hatumo, usiende mpakani Namanga kujaribu bahati.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.
- Pesa ya gesti ya siku moja kwa kila mji utakaolala. Hii haiguswi hata kwa soda. Nitaeleza.
- Shuka lako, taulo, kandambili na sabuni.
- Zawadi ndogo ya kwenu: korosho, kahawa, kanga. Ifunge kwa karatasi au iweke kikapuni, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya 2017, na kwetu 2019.
- Anwani na namba ya mwenyeji zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Simu huzimika pale pale unapoihitaji.
- Mtu mmoja nyumbani anayejua kila usiku umelala wapi.

Hatua

1. Pokea wageni kabla ya kuomba kupokewa. Hapa ndipo wengi wanaporuka, halafu wanalalamika kuwa Mwafrika hapokelewi. Ubaguzi upo, sitakudanganya. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mwenyeji: anaona jina asilolijua, wasifu wa juzi, hakuna hata mtu mmoja aliyesema neno juu yako. Hata wewe usingemfungulia.

Dawa yake ni kuanzia mjini kwako. Nilikaa Tanga karibu mwaka mzima nikipokea kabla sijaomba popote. Wapo waliokuja kuona mapango ya Amboni, wapo waliokuwa njiani kwenda Pangani. Mmoja sikumlaza kabisa, nilimtembeza tu Barabara ya Raskazone tukanywa madafu, naye akaniandikia maoni mazuri. Maoni matatu au manne ya namna hiyo yana nguvu kuliko picha yoyote utakayopiga.

Kama nyumba ni ya wazazi au unaishi chumba kimoja, sema wazi huwezi kulaza, ila uko tayari kumtembeza mgeni. Na ukimlaza mgeni, mpitishe kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ni adabu, na ni kinga yako pia siku majirani wakianza kuuliza yule ni nani.

2. Jaza wasifu kama unamwandikia mtu. Picha inayoonyesha uso, bila miwani ya jua. Unafanya kazi gani, unakula nini, huli nini, unasali saa ngapi kama unasali, unalala mapema au unakesha. Andika kitu unachokijua kwa mikono yako: kusuka ukili, kupika wali wa nazi, kucheza bao. "Napenda kusafiri na kukutana na watu" kila mtu ameandika, futa. Kama mtandao una utaratibu wa kuthibitisha jina na namba ya simu, thibitisha.

3. Soma maoni kabla ya kusoma anwani. Fungua wasifu wa mwenyeji uende moja kwa moja kwa yale waliyoandika wageni wake. Tafuta anayetajwa kwa mambo mahususi: alitupikia matoke, alitupokea stendi, binti zake walitufundisha kusuka. Sifa za jumla jumla ni za kupita tu.

Dada, hili ni lako: hesabu wanawake waliolala pale peke yao na usome walichoandika, na pia wasichoandika. Mwanaume anayepokea wasichana tu, tena wa umri mmoja, mpite hata kama nyumba yake ina bwawa la kuogelea. Mimi kwa safari za mwanzo nilikwenda kwa familia na kwa wanawake, basi. Na hata kwa mwenyeji mzuri, uliza swali hili bila haya: "Nitalala chumba gani, na nani mwingine atakuwepo?" Akijizungusha, jibu umelipata.

4. Andika ombi. Ombi ndilo linalokulaza. Ombi baya tunalolipokea sisi wenyeji kila wiki ni hili:

"Mambo, nakuja Nairobi wiki ijayo, naomba kulala kwako siku tano. Asante."

Huyu ametuma ujumbe huo huo kwa watu thelathini, na wote thelathini wanajua. Sasa soma hili:

"Habari za leo, dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari kutoka Tanga. Nitakuwa Nairobi tarehe 12 mpaka 14 Agosti, nikielekea Kampala kwa basi. Nimeona umeandika kuwa hujawahi kupata mtu wa kukuonyesha wali wa nazi unavyopikwa Pwani. Mbuzi yangu ya kukunia itakuja nami, nazi tutanunua huko. Naomba kulala siku mbili; sakafuni napo hapana neno, shuka ninalo. Basi linafika jioni, kwako sitafika baada ya saa mbili usiku (20:00). Kama ratiba hairuhusu, hata chai tutakunywa."

Tazama yaliyomo: ni nani, lini, siku ngapi, kitu kimoja kilichotoka kwenye wasifu wake, analeta nini, anafika saa ngapi, na mlango wa kukataa bila kuoneana aibu. Mistari michache tu. Tuma wiki moja mpaka mbili kabla ya safari, kwa watu watano au sita, kila mmoja na ujumbe wake. Akikubali mmoja, waandikie wengine siku hiyo hiyo kuwa umepata pa kulala.

Lugha nayo. Mombasa na Nairobi andika Kiswahili. Goma na Bukavu pia. Kampala wengi watakujibu kwa Kiingereza, anza nacho. Kigali inategemea mtu. Ukipata mwenyeji wa mtaa wa Nyamirambo, Kiswahili chako kitakufikisha mpaka jikoni.

5. Kubaliana mambo manne kabla ya kupanda basi. Siku ya kuondoka, si ya kufika tu. Chakula: unakula nao, unapika, au unajitegemea? Ufunguo: unaweza kubaki ndani wakiwa kazini au unatoka nao asubuhi? Na saa.

Saa imeshanifedhehesha. Nilimwambia mwenyeji mmoja, aliyekuwa mgeni hapa Afrika Mashariki, "nafika saa mbili", yeye akasubiri stendi saa nane mchana. Andika zote mbili, saa ya Kiswahili na ya tarakimu. Kumbuka pia Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja.

Uliza vilevile kama siku hiyo ina jambo. Kigali, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda: watu wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa, barabara ni tupu. Niliangukia siku hiyo bila kujua. Mwenyeji akanipa jembe nami nikaenda kuzibua mtaro na majirani zake, na nikiri kuwa sikuwahi kuujua mtaa wa watu haraka namna ile.

6. Fika. Tuma ujumbe ukivuka mpaka, na tena ukikaribia. Kutaneni kwanza mahali penye watu: stendi, dukani, kwenye mgahawa. Kaeni dakika kumi. Moyo ukikataa, una pesa ya gesti mfukoni, ndiyo kazi yake hiyo. Ukifika kwenye mtaa wenye geti, mlinzi atakuandikisha na kutaka kitambulisho, usimkunjie uso.

Zawadi itoe mapema, usingoje siku ya kuondoka. Na kanga isome kwanza! Safari yangu ya kwanza Mombasa nilinunua doti dukani kwa haraka, nimependa maua, rangi ya ugoro na nyeupe. Mama wa nyumba akaifungua mbele ya wakwe zake, akaisoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Kimya. Akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Haya mwanangu, hasidi tumtafute, ni nani humu ndani?" Walicheka mpaka machozi, lakini ile dakika moja kabla ya kicheko sitaisahau. Chukua yenye dua au shukrani.

7. Kaa kama mgeni, halafu kama mtu wa nyumbani. Tumekua tukisikia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Servas nao wamefika kwenye siku mbili zile zile bila kutuuliza sisi. Mimi nasema jembe lichukue siku ya kwanza usiku: ukimaliza kula, inuka na vyombo. Watakukatalia. Inuka tena.

Mengine ya kuangalia, maana mwenyeji hatayasema:

- Maji. Nyumba nyingi zinaishi kwa tangi na ndoo. Uliza yanatoka siku gani, oga kwa kiasi.
- Umeme ni wa kununua, LUKU kwetu, tokeni kwa Wakenya. Usiweke pasi kila asubuhi. Siku ya pili nunua wa kiasi, umkabidhi namba bila hotuba.
- Wazee kwanza. Ukikuta bibi ndani, shikamoo au salamu ya lugha yao kabla ya kuuliza neno la siri la intaneti. Jifunze salamu hiyo kwenye basi.
- Usipige picha za ndani wala za watoto bila ruhusa.
- Usilete mtu. Hata rafiki uliyekutana naye mchana, hata "dakika tano tu".
- Kaa nao angalau jioni moja kamili, simu ikiwa kwenye begi.

Pesa mkononi usimpe. Wengi wataona umewatukana. Nenda sokoni urudi na nyanya, mkungu wa ndizi, mkate, nyama kama unaweza. Kwa hesabu zangu, zawadi na sokoni hunigharimu chini ya gesti ya kawaida, ila si sifuri. Anayetaka sifuri abaki kwao.

8. Ondoka vizuri. Ondoka siku uliyosema. Wakikubembeleza ubaki, pima: wakisema mara moja ni adabu, wakificha begi lako wanataka kweli. Kunja shuka, fagia ulipolala, rudisha ufunguo mkononi mwa mtu. Ukifika uendako tuma ujumbe, na ndani ya siku mbili tatu andika maoni ya kweli, yenye mambo mahususi, kwa ajili ya dada mwingine atakayesoma kama ulivyosoma wewe.

Viza na mpaka

Ofisa akiuliza unafikia wapi, mwambie jina, mtaa na namba ya simu ya mwenyeji. "Kwa rafiki wa mtandaoni" bila anwani inazaa maswali mengine kumi.

Kwa Ulaya, ujumbe wa "karibu sana" kwenye simu hauhesabiki kama uthibitisho wa malazi. Ufaransa, kwa mfano, mwenyeji anatakiwa akachukue hati maalumu ya kukupokea kwenye ofisi ya meya wa mji wake, nayo ina ada. Italia, anayemlaza mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 48. Huo ni mzigo mkubwa kumtwisha mtu ambaye hamjaonana. Kwa safari ya kwanza ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, onyesha malazi ya kulipia kwa ombi la viza, na ukishazoeana na watu huko ndipo uombe hati hizo.

Tena, jihadhari na "lala bure, utusaidie kazi kidogo". Nchi nyingi huhesabu kazi ya kubadilishana na malazi kuwa kazi, na viza ya utalii haikuruhusu. Watu wamerudishwa kwa hilo.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna anayejibu.* Angalia kwanza kama umeomba kwa wenyeji walioingia mtandaoni hivi karibuni; wasifu nyingi ni nyumba zilizohamwa. Halafu punguza siku, kutoka nne kwenda mbili. Jaribu vitongoji na miji ya jirani: Thika au Machakos badala ya Nairobi, Entebbe au Jinja badala ya Kampala. Mwenyeji wa mji mdogo hupata maombi machache na husoma yote.

*Amekubali, siku ya kufika hapatikani.* Ngoja saa moja mahali penye mwanga, mpigie, mwandikie. Baada ya hapo gesti. Usianze kuomba hifadhi kwa mtu uliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi saa nne usiku. Kesho yake msikilize; imenitokea, na kumbe yule kaka alikuwa hospitali na mtoto.

*Anataka pesa.* Akitaja malipo kabla hujafika, "ya kushikia nafasi", huyo ni tapeli au ana gesti anayoitafutia wateja. Usitume hata shilingi. Akiomba mchango wa chakula mkiwa pamoja, hiyo ni haki, toa.

*Anakugusa, au maneno yamebadilika.* Usitafute njia ya kumkatalia kwa upole. Chukua begi, toka, hata kama ni saa saba usiku, ndiyo maana begi halifunguliwi lote usiku wa kwanza na ndiyo maana pesa ya gesti haikuguswa. Mpigie yule mtu wako wa nyumbani ukiwa njiani. Toa taarifa kwa mtandao, na kama amekushika au kukuzuia, polisi. Kisha andika maoni ya wazi. Najua tumelelewa kutoaibisha mtu aliyetupa chakula. Huyu amejiaibisha mwenyewe.

*Umeugua kwa watu.* Sema asubuhi hiyo hiyo. Homa usiyoisema humtisha mwenyeji kuliko ile aliyoambiwa. Kapime malaria, na kama ni ya kulala siku nyingi, hamia gesti karibu na hospitali.

*Umevunja kitu.* Sema usiku ule ule, kabla hawajakiona. Kampala nilidondosha chupa ya chai ya mwenyeji, kioo chote kikamwagika ndani kwa ndani, unaitikisa inalia kama kayamba. Nilimwonyesha hata kabla ya kufagia sakafu. Kesho yake nikanunua nyingine soko la Owino, kubwa kidogo kuliko ile, na jioni tukaijaza chai ya tangawizi tuone kama inashika moto mpaka asubuhi. Ilishika.